Naomba ushauri: malengo yangu katika mazoezi ya kufundisha

Hamjambo walimu wenzangu. Mimi ni mwanafunzi wa ualimu, na muhula huu nafanya mazoezi ya kufundisha Kiswahili katika shule moja ya upili ng'ambo ya Likoni, ambako huwa navuka kwa feri kila alfajiri nikitokea kisiwani Mombasa. Chuo kilinitaka niandike malengo ya kukua kitaaluma, nami kwa haraka nikaandika "kuboresha usimamizi wa darasa", maneno ambayo mhadhiri aliyekuja kunikagua aliyapigia mstari mwekundu, akaniuliza nitajuaje kuwa nimeyafikia. Sikuwa na jibu. Ninachojua ni kwamba katika kipindi cha dakika 40 mimi huzungumza karibu dakika 30, na wanafunzi wa nyuma, hasa saa nane mchana joto likizidi, hulalia madaftari yao.

Je, lengo la kuwauliza wanafunzi watano ambao hawajanyoosha mkono katika kila kipindi linapimika vya kutosha, au ni dogo mno? Na je, ni adabu kumwomba mwalimu mlezi wangu, mtu mzima mwenye vipindi vingi, aketi nyuma anihesabie?