Tupeane uzoefu: kazi za ujenzi zenye hela ya serikali Marekani, mishahara ya Davis-Bacon na karatasi zake

Fundi Rangi
Wakuu, habari za majukumu. Humu tuko wengi tunaokula kwa ujenzi hapa Marekani, wengine vibarua, wengine mmeshafungua kampuni. Kazi ikiwa ya serikali kuu na mkataba umezidi dola 2,000, sheria ya Davis-Bacon ya mwaka 1931 inaingia. Kila fundi alipwe kila wiki, si chini ya kima kilichopangwa kwa ufundi wake katika eneo lile, pamoja na marupurupu. Na kila wiki mkandarasi apeleke karatasi ya mishahara yenye saini. Hela yake ni nzuri kuliko kazi za nyumba za watu, lakini nimeona mafundi wanapunjwa na kampuni ndogo zinakaa miezi bila kulipwa, kisa karatasi. Kila mtu aseme yaliyomkuta.

Naanza mimi. Tulikuwa tunakarabati nyumba za wapangaji wa kipato cha chini, Ohio. Hati ya vima ilibandikwa ubaoni nje ya kontena la ofisi, imevalishwa nailoni. Siku moja wakati wa mapumziko nikaisoma mstari kwa mstari. Mpaka rangi ana mstari wake, kibarua wa kawaida ana wake, na tofauti si ya kudharau. Hati yangu ya malipo ilinihesabu kibarua wiki nzima, wakati kutwa niko na rola mkononi na ufagio naushika jioni tu. Nilikuwa na daftari: tarehe, saa, chumba, kazi niliyofanya. Nilipiga picha kurasa zile nikampelekea bosi wangu pamoja na msimamizi wa mkandarasi mkuu, maana mkandarasi mkuu anabeba hata deni la mkandarasi mdogo. Tofauti nililipwa, na karatasi za wiki za nyuma zikarekebishwa.

Mama Mahesabu
Asante kaka kwa kuanzisha hii. Mimi ndiye ninayejaza hizo karatasi kwenye kampuni yetu ya kupiga jipsamu, kwa hiyo nitasema kutoka upande wa meza.

Fomu inayotumika sana ni WH-347. Jina la mfanyakazi, tarakimu nne tu za mwisho za namba yake ya Social Security (ukiona ofisi inaweka namba nzima, wakatalie), ufundi wake, saa za kila siku, kima, makato, alichopokea mkononi. Halafu ukurasa wa tamko: unasaini kwamba kila mtu amelipwa stahili yake yote. Saini hiyo ni nzito. Ukitamka uongo unaweza kushtakiwa jinai, na kampuni inaweza kufungiwa kazi za serikali miaka 3.

Panapoleta vurugu ni marupurupu, yaliyoingizwa kwenye sheria mwaka 1964. Tuseme kima ni dola 30 na marupurupu dola 12. Mfanyakazi anastahili 42 kwa saa. Ukimlipia bima ya afya na akiba ya uzeeni yenye thamani ya dola 5 kwa saa, zile 7 zilizobaki unampa taslimu kwenye mshahara. Sasa ovataimu, baada ya saa 40 za wiki: unazidisha ile 30 kwa moja na nusu, inakuwa 45, kisha unaongeza 12 bila kuizidisha. Jumla 57. Nimekuta makampuni yanalipa 45 na kuona yamemaliza. Hapana! Marupurupu yanahesabika kila saa mtu anapofanya kazi, ya ovataimu ikiwemo.

Mtu wa Mjengo
Wadau, yangu ni chungu kidogo. Texas, barabara. Cheki ilikuwa safi kabisa, kila senti ilivyoandikwa ubaoni. Lakini kila Ijumaa forman alikuwa anatungoja pale pa kuegesha magari, kila mmoja amrudishie "kitu kidogo" taslimu, la sivyo Jumatatu huna kazi. Vijana wageni walidhani ndio desturi ya hapa. Si desturi, ni jinai: sheria ya Copeland ya 1934 imelenga mchezo huo hasa, na kifungo chake kinafika miaka 5. Tulipeleka malalamiko Wage and Hour Division, idara ya Wizara ya Kazi inayosimamia mishahara na saa za kazi. Hawakuuliza makaratasi yetu ya uhamiaji, na jina la mlalamikaji hawalitoi. Forman aliondolewa.

Bwana Nondo
Poleni sana, mkuu. Swali kwa Mama Mahesabu: nina mdogo wangu anajifunza kazi kwangu. Naweza kumlipa kima cha mwanagenzi?

Mama Mahesabu
Kama ameandikishwa kwenye mpango wa uanagenzi unaotambuliwa na Wizara ya Kazi au na jimbo, ndiyo, kwa asilimia iliyomo kwenye mpango wake, na idadi ya wanagenzi kwa mafundi isizidi iliyoruhusiwa. Kama anajifunza kwako tu kindugu, akishika nondo anastahili kima kamili cha fundi nondo. Undugu haupunguzi kima, kaka.

Mpya Iowa
Kwetu saiti alikuja afisa wa kukagua mishahara, akatuuliza mmoja mmoja pembeni: unafanya kazi gani, unalipwa ngapi, saa ngapi kwa siku. Wenzangu wasiojua Kiingereza waliitikia "yes" kila swali kwa woga. Jamani, ombeni mkalimani. Majibu yale yanalinganishwa na karatasi ya mishahara, kwa hiyo "yes" yako inaweza kufunika wizi unaoibiwa wewe mwenyewe.

Bwana Nondo
Nimekuelewa, mama. La mwisho: nataka kuomba kazi ya ghorofa tatu za makazi. Vima naangalia wapi?

Mama Mahesabu
Vinatangazwa kwenye SAM.gov, tovuti ya serikali kuu, kwa jimbo na kaunti. Ila usijichagulie mwenyewe, mwombe mkandarasi mkuu hati iliyomo ndani ya mkataba kabla hujatoa bei. Kuna makundi manne: majengo, makazi, barabara, na ujenzi mzito. Nyumba za kuishi zisizozidi ghorofa nne kwa kawaida ni makazi, na vima vyake mara nyingi viko chini ya vile vya majengo. Nilishaona kampuni imepiga bei kwa kima cha makazi, mkataba ukaja na kima cha majengo, na pengo lote likatoka mfukoni mwake. Ukishaipata hati, angalia pia kama fundi nondo yumo. Ufundi usipoorodheshwa, kima chake huombwa kwa fomu SF-1444 kupitia mkandarasi mkuu, na jibu linachukua muda, kwa hiyo liulize mapema.