Kava la tono la MGB: vinili, mohair au reksini ya fundi?

Mzee wa Njiro: Wakuu, habari za mchana. Nina gari la spoti la zamani, la wazi, nimeachiwa na mjomba. Nataka kuliwekea kava la tono, lile linalofunika viti na usukani bila kupandisha paa. Vumbi la Arusha limenishinda. Nina njia tatu: vinili (ile ya plastiki) kutoka Uingereza, mohair (kitambaa kizito cha mapaa ya magari ya wazi) kutoka hukohuko ila bei imechangamka, na fundi wa viti hapa mjini anayesema reksini, ile ngozi ya bandia, ataimaliza kwa siku moja. Kuna ndugu anakuja kutoka London mwisho wa mwezi, anaweza kunibebea. Nichukue lipi?

Kipara wa Gereji: Mkuu, hapo umeuliza bei ya kiatu bila kutaja namba. Gari gani? Mwaka? Usukani kulia au kushoto? Viti vina vile vichwa vya kuegemeza kichwa?

Mzee wa Njiro: MGB. Mwaka sina hakika, kadi imefutika. Bampa ni za chuma.

Kipara wa Gereji: Basi ni ya kabla ya mwishoni mwa 1974, baada ya hapo walihamia zile bampa nyeusi za mpira. Hujajibu la usukani. Kava lina mfuko wa kupisha usukani. Likija la usukani wa kushoto utakuwa na nundu upande wa abiria, na kwako halifungi. Vichwa vya viti navyo vina mifuko yake.

Kijana wa Coventry: Chukua vinili, usijitese. Limeshachongwa kwa MGB, lina zipu katikati: unafungua upande wa dereva, wa abiria unabaki umefunikwa na unaendesha hivyo hivyo. Huku baridi ikianza, hita inapuliza chini ya kava na miguu inabaki na joto. Nyie na Julai yenu ya Arusha mtanielewa. Angalizo moja: usilifunge likiwa limetoka kwenye boksi na mikunjo yake. Litandaze juani kwanza lilainike. Anza nyuma katikati, njoo dashibodi, pembeni mwisho. Weka alama kwa chaki, na usitoboe kitu mpaka limekaa lote.

Bin Seif, Muscat: Vinili nyeusi kwenye jua letu? Miaka michache inakakamaa na kupasuka penye mshono. Mohair ni kitambaa, si plastiki. Ghali, lakini unanunua mara moja.

Fundi wa Likoni: Hamjamwambia ukweli ndugu yetu. Mimi nashona vifuniko vya maboti, na turubai la boti linashinda hivyo vyote. Jua, chumvi, mvua, halijali. Lete gari Mombasa nipime juu ya bodi yenyewe.

Kipara wa Gereji: Arusha mpaka Likoni kwa ajili ya kava, halafu upange foleni ya feri. Haya.

Tajiri wa Mkopo: Kabla hujampa fundi, soma hii. Nilikuwa na Triumph Spitfire, nayo gari la wazi, hapa Dar. Nikampelekea fundi wa viti, mtu mwenye sifa zake. Hakupima juu ya gari. Alichukua paa kuukuu akalilaza sakafuni, akachora humo. Kava likaja fupi kama vidole viwili upande wa dashibodi. Badala ya kuongeza kipande, akasema "litavutika", akatoboa bodi kwa drili na kupigilia vishikizo pale kava lilipoishia. Matundu hakuyapaka rangi wala grisi. Vifungo alivyoweka ni vile vyenye kidoti upande mmoja, ambavyo vinafunguka ukiinua upande wa kidoti TU. Yeye alivigeuza ovyo, kimoja kidoti mbele, kingine nyuma. Kijana wa kuosha gari akavuta kama anafungua shati, kitambaa kikachanika na kishikizo kikang'oka na skrubu yake. Ikaja masika. Kava lililegea juu ya kiti cha abiria, maji yakajaa pale kama karai, yakapenya kwenye mshono usiku kucha. Nimerudi safari nafungua zipu, harufu ya ukungu inakupiga usoni, kapeti limelowa, na chini ya kapeti kutu imeshaanza kula sakafu. Matundu ya drili nayo yanalia machozi mekundu kwenye rangi nyeupe. Fundi simu hapokei.

Fundi wa Likoni: Huyo si fundi, usitupake wote matope. Na tono halijawahi kuwa koti la mvua, ni la vumbi na jua. Mvua ikija unapandisha paa.

Bin Seif, Muscat: Hapo nakubali. Ila MGB ina fito ya kuweka nyuma ya viti inayoinua kava lisibonyee. Mzee wa Njiro, hiyo fito unayo?

Mzee wa Njiro: Kuna mabomba mawili kwenye buti, nilidhani ni ya jeki.

Kipara wa Gereji: Usiyatupe! Na bodi ina vishikizo tayari? Kama vipo, kava la Uingereza lilinganishwe na hivyo, msitoboe upya.

Msukuma wa Speed: Mngekuwa na Datsun 240Z msingekuwa na shida za makava. Ndiyo ilishinda Safari Rally 1971 na 1973. MG imeshinda nini?

Kijana wa Coventry: 240Z ina paa la bati, unaleta ng'ombe kwenye mashindano ya mbuzi. Na 1972 walichapwa na Ford Escort, mbona unairuka?

Msukuma wa Speed: Escort moja ya dereva Mikkola. Moja!

Mzee wa Njiro: Tuache Datsun jamani. Usukani ni wa kulia. Vishikizo vipo, naona kama vitatu vimeng'oka. Kichwa cha kiti kipo kimoja tu, cha pili mjomba alikitoa.

Kipara wa Gereji: Kimoja?? Weka picha.

Dada wa Miata: Nafuatilia uzi. Mimi nina Mazda MX-5, ndiyo hiyo Miata, ya 1991, hilo la MGB linaingia?

Bin Seif, Muscat: Haliingii. Na MX-5 si classic.

Dada wa Miata: Ina zaidi ya miaka thelathini, shemeji. Kwani ni mpaka iote kutu ndio muikubali?

Tajiri wa Mkopo: Dada, unauza?