Jumuiya yetu hawataki kabisa kusikia habari za kifo, kwenu mnaongeaje?

Katibu wa Kinyerezi

Wakuu habari za Jumamosi, uzi mrefu kidogo mnivumilie.

Mi nasali Katoliki, jumuiya yetu ipo huku Kinyerezi, kaya ishirini na kitu hivi, na ukatibu nimetupiwa baada ya yule wa zamani kuhamia Dodoma. Mwezi wa pili tumezika mzee wetu mmoja, mtu wa watu kwelikweli, kila Jumamosi saa kumi na mbili na nusu ameshafika na kiti chake mkononi. Kaugua miezi saba. Tumeenda kumuona, tumesali rozari, tumepeleka matunda na hela, ila miezi yote saba hakuna hata mmoja wetu aliyefungua mdomo kuuliza mzee, ikitokea, tukulaze wapi. Ukifika ni "utapona tu mzee wetu" na yeye anaitikia amina. Kuna siku alianza mwenyewe, akasema "sasa nyie mkishaniweka..." mama mmoja akamdaka palepale akaanzisha wimbo, tukaimba wote. Mi nikiwemo.

Kafariki Jumanne usiku, Jumatano asubuhi turubai halijakaa sawa ugomvi umeanza. Kaka zake wanataka aende Bukoba akalale kwenye kibanja cha baba yao, mjane anasema watoto wote wako Dar, huko nani atapalilia kaburi. Mwili umelala mochwari siku tisa. Jumuiya tupo katikati tunachangisha kwa simu na hatujui tunachangia shimo la hapa mjini au gari la kwenda zaidi ya kilomita 1,300. Kaka mtu wakashinda. Mjane kapanda gari hajamsemesha mtu.

Basi juzi nikasimama nikasema jamani tutenge siku moja kila mtu aseme kwake anataka nini. Weee! "Unatuchuria", "ushindwe kwa jina la Yesu", mwenyekiti akafunga kwa sala hata matangazo hayajasomwa. Sa nauliza, nyie makanisani kwenu mnaliongeleaje hili bila kuonekana mchawi?

chuma cha reli

Ushindwe na wewe 😂😂 mi nikifa nizikeni popote ila pilau liwe na nyama, msiniaibishe

Mama Wawili Tabata

Pole sana mwanangu. Ulikosea mlango wa kuingilia. Ukisema "tuongee kifo" kila mtu anaona umemnyooshea kidole yeye. Sisi ilikuwa Novemba, mwezi wa marehemu, si unajua tunaandika majina ya marehemu wetu kwa ajili ya Misa, basi siku ya kukusanya karatasi mwenyekiti akaomba kila mmoja asimulie kidogo kuhusu jina moja aliloandika, alikuwa nani na msiba wake ulikwendaje. Hakuna aliyeulizwa habari za kifo chake mwenyewe. Tulitakiwa kumaliza saa moja na nusu tukatoka saa nne. Huyu anasema baba yake alizikwa na suti ya kuazima mpaka leo inamuuma, yule anasema mama yake kila siku alikuwa anasema hataki watu wapite kumchungulia kwenye jeneza na jeneza likafunguliwa tu kwa sababu MC alishatangaza heshima za mwisho. Hapohapo watu wakaanza wenyewe, mi msinifanyie vile, mi naomba sare za msiba zisishonwe hiyo hela wapeni watoto ada. Bibi mmoja akasema kwaya wasithubutu kumuimbia wimbo fulani maana huwa hawaupatii. Tulicheka mpaka machozi.

Na jingine mpako wa wagonjwa. Watu wanamficha mgonjwa asipate padri kwa sababu wakiona mafuta wanajua ndo basi tena, wakati sakramenti yenyewe ni ya mgonjwa apate nguvu, hata anayeenda kufanyiwa upasuaji anapakwa. Anzieni hapo, waiteni padri mapema, mgonjwa akishapakwa mara mbili na bado anakula ugali hofu inapungua, na midomo inafunguka.

mlei_mbishi

Mnazunguka mbuyu. Watu hawataki kuongea kifo kanisani kwa sababu kifo kanisani ni RIPOTI. Ukifa kinachoulizwa kwanza ni jumuiya gani, alikuwa anahudhuria, zaka je, kadi iko wapi. Mi nimeona kwa macho msiba familia inalia huku viongozi wamekaa pembeni wanafunua daftari. Sasa mtu kama huyo umwambie "njoo tuongee mazishi yako" anasikia unamkumbusha deni. Mkitaka kuongea wazi basi muwe wazi pande zote, muiteni paroko au katekista awaambie nani kanisa linamzika na nani halimziki na kwa nini, watu wajue wakiwa hai, siyo watoto waje wajulie msibani.

Katekista Mstaafu

Huyo mbishi ana maneno makali ila hajakosea, na daftari halifunuliwi mbele ya wafiwa, hilo mimi nilikuwa naligombeza.

Ndugu Katibu, wanaosema unawachuria wape Mwanzo sura ya 23. Baba wa imani, Ibrahimu, anatoa shekeli 400 za fedha kununua pango la Makpela amzike Sara, na mazungumzo ya bei yanafanyika hadharani langoni mwa mji. Mjukuu wake Yakobo yuko kitandani anawaita wanawe anawaelekeza ni pango hilohilo, na nani na nani wamelala humo. Yusufu naye anawaapisha ndugu zake waje kuipandisha mifupa yake kutoka Misri. Hawa wote walikuwa wanachuria? Na Jumatano ya Majivu tunapanga foleni wenyewe tuambiwe u mavumbi na mavumbini utarudi, kisha tunaenda nyumbani kukataa kuandika hata karatasi moja.

nyota_ya_asubuhi

Nilikuwa napita tu ila hii imenigusa. Mimi ni mjane, mwaka wa sita huu. Marehemu mume wangu alikuwa Mchaga wa Rombo, alishaniambia zaidi ya mara kumi mama fulani mimi nizike hapa Mbezi nilipojenga. Aliniambia MIMI, chumbani. Siku ya kikao cha familia nimesema, shemeji yangu akaniuliza kwa upole kabisa, "shemeji, nani mwingine alisikia?" Nikakosa jibu. Akaenda kulala kihambani kwao, na sijasema ni pabaya, ila hakutaka.

Kwa hiyo kaka Katibu, kuongea jumuiya ni kuzuri lakini jumuiya haina sauti kwenye kikao cha ukoo, mnapewa chai mnakaa nje. Mtu aseme mbele ya wale watakaokuja kugomba. Kaka zake, dada zake, huyo shangazi mkali. Wawepo wote.

mzee wa mafaili

Dada hapo juu umemaliza. Naongezea, wengine wanaandika wosia vizuri kabisa na mashahidi wasio warithi, wanaupeleka RITA, wakala wa serikali, unahifadhiwa, halafu humohumo ndo wanaandika wanataka kuzikwa wapi. Wosia kwetu unasomwa baada ya mazishi bwana! Unafunguliwa mmesharudi kutoka kuzika Moshi. La mali liandike humo, la kaburi lisemwe kwa mdomo na nakala wawe nayo watu watatu wanne.

Na ikifika kugombana msidhani mke anashinda tu. Kule Kenya wakili S.M. Otieno alifariki Desemba 1986, mkewe Wambui akataka azikwe Ngong, ukoo ukataka Nyalgunga, kesi ikafika mpaka mahakama ya rufaa, mwili unasubiri. Kazikwa Mei 1987, Nyalgunga.

Katibu wa Kinyerezi

Asanteni sana wakuu. Mwalimu shikamoo, hiyo ya Makpela naenda nayo. Novemba tutafanya kama Mama Wawili alivyosema, mwenyekiti nimemuuzia wazo kwa kuliita "kuwakumbuka wazee wetu" kakubali bila hata kuuliza.

Ila ya dada Nyota ilininyima usingizi. Jana nimempigia baba yuko Songea, nikaanza na hali ya mahindi, nikaja kwa makaburi ya babu kama yamefyekwa, akashtukia, "we umeota nini?" Nikamwambia ukweli. Kimya, nikajua kakata simu. Baadaye akasema, mimi chini ya mwembe, upande wa pili, mbali na babu yako, tulishagombana ya kutosha. Nikamwambia baba subiri, nikamuita bro kutoka sebuleni, nikaweka spika, nikamwambia rudia.

Akarudia.