Bima ya ziada ya kansa, kuna aliyewahi kukata?

Wakuu habari, niko Nyakato, Mwanza. Mama mdogo anatibiwa kansa ya matiti Bugando, bima yake inalipa matibabu kiasi ila hela inaishia pembeni, kila mzunguko wa kemo anavuka na meli toka Nansio na mtu wa kumsindikiza, gesti, chakula, na genge lake limefungwa tangu aanze. Sasa kuna wakala kanifuata na bima ya ziada ya magonjwa makubwa, nimkatie?

Mdau wa Igoma: Pole sana ndugu. Kwa mama mdogo muda umeshapita, bima hizo karibu zote hazilipi ugonjwa uliokuwepo kabla ya kukata, na usije ukaficha kwenye fomu, wakigundua wanakataa madai yote. Jikatie wewe. Uzuri wake ukigundulika na ugonjwa baadaye unapewa hela kwa mkupuo, unalipia nauli, kodi, chochote, haiendi hospitali.

Dada wa Kirumba: Soma muda wa kusubiri kabla bima haijaanza kulipa!! Nyingi ni siku 90 hivi, na uvimbe wa hatua ya mwanzo kabisa mara nyingi haumo. Dada yangu alinyimwa kwa hilo, tulilia sana na karatasi mkononi. Mama mdogo mpelekeni ustawi wa jamii palepale hospitali, waelezeni hali yake, na stakabadhi zote mtunze.

Muuliza: Asanteni mno, kesho asubuhi naenda naye ustawi.