Kampuni za kukodisha magari Italia zinajua habari ya ZTL, na zinatunyamazia

Wakuu, nina hasira. Jana nimepokea barua ya pili ya faini kutoka polisi wa manispaa ya Florence, kwa safari niliyoifanya na mke wangu Aprili. Tulisharudi, picha tukaonyesha ndugu, tukasahau. Kumbe sheria ya Italia inawapa siku 360 za kumtumia barua mtu anayeishi nje ya nchi. Ukikaa miezi sita bila kusikia kitu, usijidanganye kwamba umepona.

Kosa langu ni kuingia ZTL. Zona a Traffico Limitato, eneo la katikati ya mji ambalo kwa saa maalumu haliingiwi na gari lisilo na kibali. Hakuna geti wala askari wa kukusimamisha. Kuna alama ya duara jeupe lenye ukingo mwekundu, na kamera inayosoma namba ya gari. Unapita, huhisi chochote, faini imeshaandikwa.

Sasa sikilizeni kinachoniuma. Kwenye dawati la kukodisha gari tulikaa karibu dakika 40. Yule kijana alitueleza bima ya kioo, bima ya tairi, bima ya wizi, gharama ya dereva wa pili, tanki lirudi limejaa. Alikagua leseni yangu na kibali cha kimataifa cha udereva, maana kimoja bila kingine hakitoshi. Nikamwambia hoteli yetu iko katikati kabisa ya mji. Akaichukua simu yangu, akaniwekea njia yeye mwenyewe! Njia iliyopita moja kwa moja ndani ya ZTL. Angesema tu "usiingie huko na gari" tungeegesha mbali tukatembea.

Na kampuni hiyohiyo imevuna kwenye kosa hilo. Polisi wanapouliza gari lilikuwa na nani, kampuni inataja jina lako halafu inakukata kwenye kadi ada ya kulitaja. Mimi nilikatwa euro 45, mara mbili. Tena muelewe, hiyo SIYO faini. Niliiona kwenye kadi nikadhani ndiyo malipo yenyewe na mambo yamekwisha. Faini ikaja peke yake, miezi baadaye.

Hotelini nako hivyohivyo. Hoteli iliyo ndani ya eneo hilo inaweza kuipa manispaa namba ya gari la mgeni ili aruhusiwe kufika kushusha mizigo. Mhudumu wa mapokezi alituona Jumanne tunashusha masanduku mlangoni pake, akatuona tena Alhamisi tunayapakia. Hakuuliza namba ya gari hata mara moja. Siku mbili, faini mbili.

Kabla ya safari nilisoma maelekezo mengi ya madereva wageni. Yote yanaimba: endesha kulia, funga mkanda, kilomita 50 mjini, 130 kwenye barabara kuu ya kulipia, washa taa hata mchana ukitoka nje ya mji. Ni kweli. Lakini kuzoea kulia kulinichukua asubuhi moja, mke wangu akinikumbusha kila kona. Kilichonigharimu hakikuandikwa. Mathalani, miji mingi ina ubao wa taa unaosema "varco attivo". Mgeni anaona "attivo" anadhani njia iko wazi. Maana yake ni kinyume: kamera inafanya kazi, usipite. Ni "varco non attivo" ndiyo ruhusa.

Msinijie hapa na "sheria ni sheria". Sheria siipingi. Mitaa ile ilijengwa karne nyingi kabla ya magari, na wenyeji wana haki ya kutembea bila kusukumwa na bampa. Ninachopinga ni watu wanaojua, wanaolipwa na mgeni, kumwacha aingie mtegoni.

Anayekwenda Florence: gari liache Villa Costanza, maegesho unayoyaingia ukiwa bado kwenye barabara kuu ya A1, kisha panda tramu ya T1 mpaka stesheni ya Santa Maria Novella. Ukiegesha kando ya mtaa, mstari wa buluu ni wa kulipia, wa njano umetengwa kwa wengine, usiuguse.

Barua ikikufikia, soma tarehe siku hiyohiyo. Faini ya ZTL inaanzia euro 83, na ukilipa ndani ya siku 5 unapunguziwa asilimia 30. Ya kwanza nilikaa nayo wiki nzima nikidhani ni matapeli, punguzo likapotea.

Hii ya pili nataka kuikatia rufaa. Kwa Prefetto, yaani mwakilishi wa serikali kuu mkoani, ni siku 60. Kwa Giudice di Pace, hakimu wa kesi ndogondogo, ni siku 30 kwa mkazi wa Italia, 60 kwa sisi tunaoishi nje. Aliyewahi kufanya hivyo akiwa nje ya Italia aniambie alipeleka vielelezo gani, na kama hoteli ilikubali kumwandikia barua kwamba alikuwa mgeni wao. Siku zangu zimeanza kuhesabiwa jana.