Gobore la urithi: nianzie wapi?

Swali: Ndugu zangu, marehemu babu ametuachia gobore lisilofyatuliwa kwa miaka mingi. Ningependa kulitunza na kujifunza shabaha.

Jibu: Pole kwa msiba. Anzia polisi, kwani leseni ya marehemu haikuruhusu wewe kulimiliki.

Jibu: Lichukulie kuwa limeshindiliwa, yaani lina baruti na risasi ndani. Ingiza mdeki (ufito wa kushindilia) taratibu mtutuni, utie alama mdomoni mwa mtutu, kisha uutoe na kuulaze kwa nje sambamba na mtutu. Alama ikiwa mdomoni na ncha isifike karibu na tundu la moto (kitundu cha nyuma kinachopitisha moto wa kuwasha baruti), kuna kitu ndani; mwachie fundi mwenye kibali.

Jibu: Tumia baruti nyeusi pekee, kwani ya kisasa hupasua mtutu. Ukishafyatua, uoshe siku hiyohiyo kwa maji ya moto na sabuni, maana masizi yake hunyonya unyevu na kuleta kutu, kisha ukaushe kabisa na kuupaka mafuta.