"Kamba acheni nje": MC mnayemjua wote kamtukana Mtwa Mkwawa mbele ya bibi yangu

Mnyalu wa Kimara

Wakuu, kamwene. Naandika saa nane usiku, tai bado iko shingoni, sijala, na silali mpaka nimelitoa hili.

Yule MC. Simtaji, na hakuna haja ya kumtaja. Yule wa suti inayong'aa kama bati la msauzi lililopauliwa leo, anayecheka mwenyewe kabla hajamaliza kusema, mwenye spika ambazo akikohoa Sinza mtu wa Kibaha anamwambia pole. Dar hii nani hajachangia sherehe aliyoshika maiki huyu? Ndiyo huyohuyo.

Jana ilikuwa sendofu ya mdogo wangu. Sisi ni Wahehe wa Kalenga, kwa Mtwa Mkwawa, chifu wetu aliyepigana na Mjerumani. Miezi minne ya vikao, tumechanga, na bibi yetu mwenye miaka 80 tumempandisha basi toka Iringa, nikampokea mwenyewe stendi ya Mbezi saa mbili usiku miguu imevimba. Ukafika muda wa upande wetu kuingia na zawadi. Tumejipanga mstari, bibi mbele na fimbo yake, vitenge vimepigwa pasi vinasimama vyenyewe. Mtu huyu akapaza sauti:

"Haya haya, ukoo wa Mkwawa huo unaingia! Karibuni sana, ila kamba acheni nje!"

Ukumbi ukalipuka. Watu 300. Wakwe wanacheka wamejishika mbavu. DJ akapiga king'ora.

KAMBA ACHENI NJE.

Mkwawa hakujinyonga! Nani kawaambia alijinyonga? Alijipiga risasi tarehe 19 Julai 1898, kule Mlambalasi, Mjerumani akiwa nyuma yake hatua chache na zawadi ya rupia 5,000 imeshatangazwa kwa atakayeleta kichwa chake. Ngome ya Kalenga ilianguka 1894. Kwa miaka karibu minne baada ya hapo mtu huyo aliishi porini akipigana, watu wake wanamlisha na kumficha, hakuna aliyezitamani zile rupia. Alipoona wamemfikia akakataa kushikwa hai. Hicho ndicho kinachoitwa kamba leo, ukumbini, kwa pesa zetu za mchango?

Na kilichoniua zaidi, jamaa anakaa Tegeta. Kila siku ya Mungu anapita Lugalo kwenda mjini, anakaa kwenye foleni pale anaisoma ile Lugalo mpaka taa inawaka. Hajawahi kujiuliza Lugalo ni nini. Lugalo yenyewe, ya kwetu Iringa, ndipo tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe walipolivizia jeshi la Mjerumani likipita kwa mstari mmoja, wakalimaliza, na mkubwa wao Emil von Zelewski, waliyemwita Nyundo, akabaki palepale. Mjukuu wa huyo mtu wa "kamba", Adam Sapi Mkwawa, ameliongoza Bunge letu miaka na miaka akiwa Spika.

Nilimfuata pale mbele, kwa adabu kabisa. Nikamwambia, "Kaka, Mtwa Mkwawa alijipiga risasi." Akanisogezea maiki, nikadhani ananipa nafasi niseme. Akairudisha mdomoni kwake: "Mjomba kaa chini, pilau linapoa, kipindi cha historia ni Jumatatu!"

King'ora tena.

Bibi yangu alikuwepo Kalenga Juni 1954 fuvu la Mkwawa, lililochukuliwa na Wajerumani, liliporudi. Alikuwa mtoto, anasema hakuona kitu zaidi ya miguu ya watu na vumbi, ila anakumbuka baba yake alivua kofia na hakuivaa tena mpaka wamefika nyumbani. Fuvu hilo Waingereza waliliandika kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, kwamba Ujerumani ilirudishe ndani ya miezi sita. Ilichukua miaka 35, mpaka Twining, gavana Mwingereza wa Tanganyika, alipokwenda kulitafuta makumbusho ya Bremen. Mataifa makubwa yamekaa yanamaliza vita kuu ya dunia, yakapata nafasi ya kuandika jina la Mkwawa. Mshika maiki wa Sinza ameshindwa kufungua hata kitabu cha darasa la sita.

Kamba acheni nje. Kwa mdomo wake. Mbele ya bibi.

---

Siti ya Mbele

Nimewahi. Nimekaa na karanga zangu. Weka picha ya suti.

Mtani wa Peramiho

Pole mkuu. Kwanza nikuulize, MC ni kabila gani? Maana sisi Wangoni ndio watani zenu, tulipigana mpaka tukachoka tukaanza kutaniana. Mimi nikisema kamba nina kibali, na ukifiwa nitakuja kukutania hukohuko msibani, kisha nitachimba kaburi na kuosha masufuria. Mtu asiye mtani akisema hivyo, hilo ni tusi, alipe mbuzi.

Halafu kwa habari ya kamba, tuheshimiane. Wenye kamba ni sisi. Februari 1906 Mjerumani aliwanyonga wazee wetu kwa makumi pale Songea kwa sababu ya Majimaji. Kila Februari tunakusanyika kuwakumbuka. Nyie risasi moja mnapiga kelele toka jana.

Mnyalu wa Kimara

@Mtani wa Peramiho kabila lake silijui, ila mtani si wetu. Mtani angeniachia nijibu. Huyu kachukua maiki!

Kaka Mbagala

Hii chai haina hata majani. Mtu aache pilau aende kufundisha historia kwa MC? Ningekuwa DJ ningekupigia vile ving'ora mpaka asubuhi. Acha makasiriko mjomba.

Mangi wa Tabata

Mkuu afadhali wewe, mmetukanwa usiku mmoja. Mimi natukanwa kuanzia saa kumi na mbili asubuhi. "Mangi nipe vocha ya buku." "Mangi nikopeshe unga." "Mangi chenji yangu." Mangi ni mtawala wa Wachaga! Mangi Meli wa Old Moshi alinyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900, yeye na viongozi wenzake siku moja, na kichwa chake inaaminika kilipelekwa Ujerumani, mpaka leo watu wake wanakitafuta. Nyie fuvu lenu lipo Kalenga kwenye kabati la kioo, mnaenda kuliona na kulipigia magoti. Wachaga la kwao hawalijui liko sanduku gani. Huku Dar jina la cheo chake limegeuzwa la mtu wa kupima sukari robo.

Tena juzi mtoto kaja dukani, mimi mwenyewe natokea Singida, ananiita Mangi!

Siti ya Mbele

😂😂 Mangi wa Singida. Uzi umeanza kunoga.

Mjukuu wa Isike

Wahehe mnapenda kujifanya mlipigana peke yenu. Mtemi Isike wa Unyanyembe, 1893, Wajerumani wamemzingira ngomeni Tabora, akaenda ghala la baruti akalilipua akiwa ndani. Nani ameshika maiki akamtaja? Mirambo naye kapewa mtaa pale karibu na Benki Kuu, ukiwauliza wanaoegesha magari Mirambo ni nani watakwambia ni kambi ya jeshi Tabora.

Binti Kilwa

Mmeanza na machifu wenu wa juzi. Ibn Battuta alifika Kilwa 1331, akakuta mji, msikiti na sultani. Husuni Kubwa kulikuwa na birika la kuogea la pembe nane juu ya jabali, bahari iko chini yako. Tulipiga sarafu zetu wenyewe za shaba, na moja ya Sultani Hasan bin Sulaiman imefukuliwa Zimbabwe Kuu, barani huko dhahabu ilikokuwa ikitoka. Huyo MC mwenu mwaka jana alishika maiki harusi ya kaka yangu. Sisi wa Kusini tunaingia na zawadi, akasema: "Wazee wa korosho hao, angalieni mifuko!" Miaka 700 ya mji, tumeitwa korosho. Nilikaa kimya kwa ajili ya bibi harusi. Leo nasema.

Mnyalu wa Kimara

@Binti Kilwa asante dada. Umeona? Si mimi peke yangu. Kamba acheni nje, korosho mifukoni, huyo mtu ana tusi la kila mkoa amelipanga kama kadi za mwaliko.

Mzee wa Kamati

Kosa si la MC peke yake. Serikali ilifuta uchifu 1963, ikawa ndiyo basi. Waganda Kabaka wao alirudi 1993, ukimtania pale Kampala hupandi boda. Sisi watoto wetu wanajua tarehe za mashindano ya mpira tu. Ila mleta uzi nikuulize kama mwanakamati, nani alimpitisha huyo MC? Mlifanya usaili? Mlimpa maelezo ya ukoo kwa maandishi? Mimi kwenye kamati yangu MC hapewi maiki kabla hajasaini.

Dada wa Kijitonyama

Kusaini?! MC wetu alisaini, akala nusu ya malipo, siku ya siku akatuma mdogo wake. Mdogo mtu akawa anamwita bwana harusi jina la mpenzi wa zamani wa bibi harusi. Mara tatu!

Kaka Mbagala

@Dada wa Kijitonyama fungua uzi wako huo, huu wa mafuvu umeanza kunitisha.

Mchangiaji Mchovu

Mnabishana nani alishika maiki, hakuna anayeuliza nani alilipa. Kadi singo laki moja, dabo laki na nusu. Mwezi huu nina kadi nne mezani. Na ukifika unakuta kuku ameisha, meza ya kamati imejaa minofu.

Dada wa Kijitonyama

@Mchangiaji Mchovu meza ya kamati ndiyo ufalme uliobaki Tanzania.

Mzee wa Kamati

Kamati inahangaika miezi minne, inakula mwisho, bado mnasema. Ungekuja vikaoni.

Mnyalu wa Kimara

Wakuu turudi kwenye mada. Kuna kitu sikuandika mwanzo kwa sababu kinaniuma.

Tuliporudi kukaa, bibi hakucheka wala hakukasirika, Kiswahili cha kwenye spika zile hakukisikia vizuri. Alichukua kitambaa akafunika soda yake nzi wasiingie, akanigeukia. "Amesema kamba ya nini?"

Nikamwambia ni ya mbuzi wa mahari, bibi. Akatikisa kichwa, akasema ni vizuri, mbuzi afungwe vizuri.

Nimemdanganya mtu aliyesimama kwenye vumbi la Kalenga 1954. Kwa sababu ya yule mtu na suti yake ya bati.

Siti ya Mbele

Daah.

Mchangiaji Mchovu

@Mzee wa Kamati vikaoni nilikuja mara mbili, mkatoza buku tano ya soda. Soda yenyewe ya moto.

Mama Kigamboni

Samahani jamani, nimepita tu. Huyo MC anachukua shilingi ngapi? Nina sendofu ya binti Desemba, sisi Wazaramo, hatuna neno na kamba.